Je, wajua? Safari ya kwenda Kampala haikuamuliwa siku Amin alipovamia Kagera

Ukikaa kijiwe cha kahawa Kariakoo ukaulizia vita ya Kagera, utaambiwa Mwalimu alikasirika, akahutubia, jeshi likaondoka moja kwa moja mpaka Kampala kumng'oa Idi Amin. Hotuba ya Novemba 2, 1978 inajulikana mpaka na watoto wa shule, ile ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga, kwa hiyo watu wanadhani mpango mzima ulikuwa tayari siku ile. Haukuwa tayari. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumtoa Amin kwenye ardhi yetu, basi.

Tena Nyerere alikuwa na sababu nzito ya kusita. Yeye mwenyewe ndo alipendekeza lile azimio la OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, la Cairo, 1964, kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, sasa angevukaje mpaka wa mwenzake? Ni kweli tangu mapinduzi ya 1971 hakumtambua Amin wala hakukubali kukaa naye meza moja, na wapo wanaoamini moyoni alishaamua zamani. Inawezekana, ila matukio yenyewe yanaonyesha uamuzi uliokua kidogo kidogo.

Fikiria kibaka kaingia chumbani kwako ukamtoa mpaka uani. Anasimama hapo na mawe, anarusha dirishani. Ukimwacha hulali, kwa hiyo unamsogeza mpaka getini, na ukifika getini unakuta anawasubiri wenzake waje kumsaidia, sasa hapo unarudi ndani au unaendelea? Hujawahi kupanga kumfukuza mtaa mzima lakini kila hatua inakuletea sababu ya hatua nyingine.

Ndo ilivyokuwa. Jeshi la Amin lilipotolewa Kagera likabaki kwenye miinuko ya Mutukula, ng'ambo ya mpaka upande wa Uganda, likitupiga mizinga, ikabidi Mutukula ichukuliwe, Januari 1979. Februari ikafuata miji ya Masaka na Mbarara, ndani zaidi ya Uganda, na hapo kulikuwa na kulipiza maana Kagera watu waliuawa, mali zikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Baada ya Masaka hesabu ya Nyerere ilikuwa Waganda waliokuwa uhamishoni waendelee wenyewe, Tanzania ibaki nyuma. Kisiasa ilikuwa hesabu nzuri sana, kwa sababu aligawa vita mbili, yetu ya kujilinda na yao ya kumwondoa mtawala wao.

Kilichoivuruga ni Gaddafi. Alileta wanajeshi wa Libya kumwokoa Amin, na Machi 10 wakakisukuma nyuma kikosi chetu pale Lukaya kabla hatujawarudishia. Wapiganaji wa uhamishoni walikuwa wachache mno kwa mzigo huo. Mwisho wa Machi vikundi vyao vikakutana Moshi, wakaunda UNLF, umoja wao wa kuikomboa Uganda, chini ya Yusuf Lule, ili Kampala ikianguka kuwe na Waganda wa kuipokea nchi. Ikaanguka Aprili 11.

Mi naona uamuzi unaomwonyesha zaidi Nyerere kama kiongozi ni ule wa barabara ya Jinja. Wakati jeshi linaizunguka Kampala aliagiza njia hiyo ya mashariki iachwe wazi, Walibya watoke salama, maana hakutaka vita ya Amin igeuke vita na Libya.