Helios Yako Haijafa, Imekaa Mbali

Nimeletewa tena Helios 44-2, lenzi ya zamani, mwenyewe kanuna: "Fundi, hii imekufa, haioni mbali. Uso wa mtu unatoka shapu, nikipiga jengo la ng'ambo ya barabara naona ukungu mtupu." Nikauliza kamera gani. Nikon D3100. Sikuhitaji hata bisibisi.

Jamani, adapta, ile pete ya kufungia lenzi ya mfumo mmoja kwenye kamera ya mfumo mwingine, si ya kuunganishia tu. Kila mfumo una umbali wake kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye sensa, na lenzi iliundwa kwa umbali huo, si mwingine. Helios ni ya uzi wa M42: milimita 45.46. Nikon zenye kioo cha ndani (DSLR), maunti ya F, yaani mdomo wa kufungia lenzi: 46.5. Yaani kabla hujaweka adapta yoyote, lenzi imeshasogea mbele milimita 1.04. Hapo ndipo watu hunicheka: "Milimita moja, fundi?" Haya, chukua simu upige hesabu. Helios ni lenzi ya milimita 58: 58 mara 58, gawa kwa 1.04. Unapata kama 3,235, na hizo ni milimita. Hata adapta ingekuwa nyembamba kama karatasi, ukizungusha pete mpaka mwisho, kwenye alama ya infiniti, yaani mbali kabisa, fokasi inaishia mita 3 na kitu. Adapta halisi ina unene wake, kwa hiyo unapata pungufu ya hapo. Jengo lako liko mita ngapi?

Muuzaji atakwambia uchukue adapta yenye kilenzi ndani. Infiniti itarudi, kweli. Lakini kilenzi hicho kinakuza picha, kinakula mwanga kidogo, na ukifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, f/2, kinafifisha kila kitu. Umeitafuta Helios kwa ajili ya ile mandhari ya nyuma inayozunguka, halafu unaipigia kupitia kioo cha bei ya chipsi mayai!

Canon EF ni 44, pungufu ya 45.46, kwa hiyo adapta nyembamba inaingia. Kamera zisizo na kioo hazina mjadala: Sony E ni 18, Nikon Z ni 16. Kwenye menyu ruhusu kupiga bila lenzi, andika 58 kwenye stabilaiza, ile ya kutuliza mtikisiko, endelea na kazi. Zile rangi zinazowaka kwenye kingo kukuonyesha palipo shapu usiziamini ukiwa f/2. Kuza picha kwenye skrini ndipo uvute fokasi.

Adapta nyingi za bei rahisi hutengenezwa fupi kidogo makusudi, ili infiniti isikosekane. Ndiyo maana mlima unatoka shapu kabla pete haijafika mwisho, na namba za mita kwenye lenzi zinadanganya. Usiniletee hiyo, si ugonjwa.

Kinachonisumbua mimi ni picha iliyo shapu kushoto, laini kulia. Nabadilisha adapta, tatizo likiondoka, nimemjua mwizi. Lisipoondoka, huenda vioo vya ndani vilihamishwa na fundi fulani zamani, huenda mdomo wa kamera umepinda. Kuna siku naandika "lenzi" kwenye risiti huku moyoni sina uhakika.

Kama huiachi Nikon yako, tafuta Nikkor za zamani, lenzi za Nikon wenyewe. Maunti ya F ni ileile tangu 1959. Chunga tu zile za kabla ya toleo la AI, yaani kabla ya 1977: kwenye D7000 au D610 pete yake inaweza kuvunja kile kijino cha pembeni mwa mdomo. D3100 haina kijino hicho, inazipokea, ila haikupimii mwanga. Weka M (kila kitu kwa mkono), piga, tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, rekebisha shata, piga tena.