Mfumo wa taarifa za utafiti, na namna unavyobeba usomi huria

Mkulima wa Tandahimba akipeleka korosho kwenye AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, gunia halipokelewi kimyakimya. Hupimwa, hutazamwa daraja, kisha mzigo huandikiwa jina, kilo na ghala. Gunia lisilo na karatasi lipo, ila mnadani halipo. Utafiti wa chuo kikuu uko vivyo hivyo. Tasnifu inaweza kuwa imetetewa, makala imechapishwa, data imekusanywa Newala misimu mitatu mfululizo, na bado kwa mtu aliye nje ya ofisi ya mwandishi vyote hivyo ni sawa na bure, kwa kuwa hapana palipoandikwa nani alifanya nini, kwa fedha ya nani, faili liko wapi na anayelipata ana ruhusa gani. Daftari la kuandika hayo ndilo huitwa mfumo wa taarifa za utafiti.

Kwa maana ya kawaida ni programu yenye kanzidata inayotunza kumbukumbu za watafiti, idara, miradi, ruzuku, vibali, machapisho, data na vifaa, pamoja na mahusiano ya vitu hivyo. Uzito uko kwenye mahusiano. Orodha tupu ya makala hata Excel inaitosha. Excel inaposhindwa ni pale mtu mmoja alipokuwa mtafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, hadi mwaka fulani, kisha akahamia chuoni, akaandika makala mbili kwa data ileile, moja kwa jina la kituo na nyingine kwa jina la chuo. Mfumo mzuri huandika kila uhusiano ukiwa na wajibu wake na tarehe zake, kwa hiyo makala ya zamani hubaki ya Naliendele hata mwandishi akihama mara tatu. Mpangilio wa kimataifa wa kueleza mahusiano haya unaitwa CERIF, na unasimamiwa na jumuiya ya euroCRIS iliyoundwa mwaka 2002.

Watu wengi huuchanganya mfumo huu na hifadhi ya kidijitali ya chuo. Hifadhi hutunza faili lenyewe, yaani PDF ya tasnifu au jedwali la data. Mfumo wa taarifa hutunza habari zinazolizunguka. Mpaka huo umepungua makali. DSpace, programu ya bure iliyotoka mwaka 2002 kwa ushirikiano wa MIT na kampuni ya Hewlett-Packard, ilikuwa hifadhi tu kwa miaka mingi, lakini tangu toleo la 7 la mwaka 2021 inaweza kubeba pia kumbukumbu za watu, miradi na taasisi. Vyuo vikubwa vya Ulaya hununua mifumo ya kulipia kama Pure ya Elsevier. Kwa chuo kidogo cha Mtwara au tawi la Lindi, fedha hiyo ingefaa zaidi kumlipa mkutubi mmoja anayekaa na DSpace kila siku.

Usomi huria nao ni dhana pana kuliko kusoma makala bila kulipa. Azimio la Budapest la mwaka 2002 lilianzia kwenye makala. Pendekezo la UNESCO kuhusu Sayansi Huria la Novemba 2021 liliongeza data, programu za kompyuta, vifaa vya kufundishia na ushiriki wa jamii yenyewe. Mfumo hauwezi kumlazimisha mtu kuwa mkarimu. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba kilichokubaliwa kutolewa kinapatikana, kinaeleweka na kinatumika bila kumpigia simu mwandishi.

Tuchukue utafiti wa kubuni kuhusu ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho na upuliziaji wa salfa. Rekodi ya kwanza isisubiri makala. Inafunguliwa siku mradi unapoanza. Huingizwa jina la mradi, mfadhili na namba ya ruzuku, namba ya kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), tarehe ya kuanza na kuisha, na wilaya za kazi. Hatua hii hurukwa karibu kila mahali, na ndiyo ghali kuirudia. Miaka minne baadaye mfadhili akiuliza fedha yake ilizaa nini, ofisi ya utafiti huanza kufukua barua pepe.

Kisha kila mtafiti anaunganishwa na namba yake ya ORCID. Namba hii hutolewa bure kwa mtu binafsi tangu Oktoba 2012, ina herufi 16 katika mafungu manne, na ya mwisho ni ya ukaguzi, hukokotolewa kutoka zile 15 za mbele. Wakati mwingine hiyo ya mwisho ni herufi X. Karani asiyejua huiona X, akadhani mtu kakosea, akaifuta, na kiungo kikafa. Kwa nini kuhangaika na namba? Kwa sababu Kusini jina moja huandikwa Saidi, Said na Saidy ndani ya mwaka mmoja. Jina la babu huonekana kwenye tasnifu na kupotea kwenye makala. Na mtu kuitwa Hamisi Hamisi si ajabu. Mashine ya kutafuta huwahesabu hao kuwa watu watatu, au watatu tofauti kuwa mmoja. Taasisi nazo zina namba zao za utambulisho, za ROR, na zinahitajika vilevile: jina la chuo kishiriki laweza kuandikwa kwa kirefu, kwa kifupi chake, au kwa jina la chuo mama, na kila namna ikahesabiwa kivyake.

Makala ikikubaliwa na jarida, mwandishi anapakia muswada wake. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, basi tupatazame taratibu. Makala moja ina sura tatu: muswada kabla ya kuhakikiwa, muswada uliokubaliwa baada ya marekebisho ya wahakiki, na toleo lililopangwa kurasa na mchapishaji. Majarida mengi ya kulipia huruhusu sura ya pili iwekwe kwenye hifadhi ya chuo, mara nyingi baada ya zuio la miezi 6, 12 au 24, huku yakikataza ya tatu. Mwandishi huipenda ya tatu kwa sababu inapendeza macho, na ya pili keshaifuta. Dawa ni ndogo: mkutubi aombe faili siku ileile barua ya kukubaliwa inapofika, asingoje makala itoke. Zuio huhesabiwa kuanzia tarehe makala ilipochapishwa, si siku ya kupakia. Ukikosea kujaza tarehe hiyo, faili linafunguka mapema na chuo kinaletewa barua, au linabaki limefungwa miaka bila mtu kujua. Makala ya jarida huria lenye leseni ya CC BY haina shida hii, toleo la mwisho lapakiwa moja kwa moja.

Sehemu ya leseni haiachwi wazi. Faili lisilo na leseni linasomeka, lakini kisheria haki zote zimebaki kwa mwenye hakimiliki, kwa hiyo mwalimu wa Nachingwea hana hakika kama anaweza kutafsiri sura moja na kuwagawia wanafunzi. CC BY inamruhusu mradi amtaje mwandishi. CC BY-ND haimruhusu kusambaza tafsiri. Herufi mbili tu.

Metadata zinazobaki, yaani maelezo yanayolitambulisha faili, ni kazi ya uvumilivu. Mpangilio wa Dublin Core una vipengele 15, na viwili hupuuzwa huku kwetu. Kimoja ni lugha. Fomu nyingi huja zimejazwa Kiingereza, na tasnifu ya Kiswahili ikapita hivyohivyo, ilhali alama yake ni sw. Kazi kuhusu Kimakonde nayo itajwe kde kwenye mada, Kimwera mwe, Kiyao yao. Kingine ni eneo. Andika wilaya na kijiji, usiishie na “Kusini mwa Tanzania”, maana anayetafuta ataandika Liwale au Ruangwa.

Rekodi ikikamilika, mfumo hauitunzi peke yake. Kupitia itifaki ya OAI-PMH, iliyo katika toleo lake la 2.0 tangu 2002, huduma za utafutaji kama CORE, BASE na OpenAIRE huja kuvuna rekodi zenyewe. Hii ndiyo faida ya kuingiza mara moja: rekodi ileile inajaza ukurasa wa mtafiti, taarifa ya mwaka ya chuo na utafutaji wa dunia nzima. Google Scholar yenyewe hupita kwenye kurasa na mafaili, na inashauri PDF isizidi megabaiti 5. Tasnifu za zamani zilizopigwa skana kama picha huwa na megabaiti 80 na hazina neno hata moja ambalo mashine inaweza kulisoma. Skana kwa nukta 300 kwa inchi, pitisha programu ya kutambua maandishi, punguza ukubwa, ndipo upakie.

Data hupewa rekodi yake na DOI yake, yaani namba ya kudumu ya kuitambua mtandaoni, kisha huunganishwa na makala. Hifadhi jedwali kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotengwa kwa mkato, tarehe ziandikwe 2024-04-03 ili Aprili isigeuke Machi, na faili dogo la maelezo lieleze kila safu na kipimo chake. Rangi za seli za Excel hupotea kwenye CSV, hivyo kama njano ilimaanisha “mti uliokufa”, liandike hilo neno.

Kuna vitu havifunguliwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu majina na simu za wakulima waliohojiwa. Mahali hasa penye visukuku au spishi adimu pasiwekwe kwa nukta za ramani. Tendaguru, Lindi, palichimbwa kati ya 1909 na 1913, na mifupa ya dinosaria Giraffatitan, yenye kimo cha karibu mita 13, imesimama Berlin mpaka leo. Sina haja ya kueleza zaidi kwa nini wenyeji huuliza uwazi ni wa kumnufaisha nani. Hata hivyo rekodi ya kitu kilichofungwa hubaki wazi: ionyeshe kipo, kimefungwa kwa sababu gani, na maombi yapelekwe wapi.

Kisa kimoja cha mifumo kufa ni kutumika kuhesabia pointi za kupandishwa vyeo tu. Watu huingiza rekodi wiki moja kabla ya kikao, bila faili, bila leseni, na mwaka mzima hakuna anayefungua. Kingine ni seva: chuo hubadilisha anwani ya tovuti na viungo vyote vilivyonukuliwa huvunjika. Namba za Handle au DOI hukinga hilo, mradi mtu akumbuke kusasisha anwani zinakoelekea. Nakala rudufu ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo.

Ukitaka kupima mfumo wa chuo chochote, toka nje ya geti lake, zima Wi-Fi ya chuo, tumia bando lako la simu. Chagua rekodi kumi bila kupanga. Hesabu ni ngapi zinafungua faili lenyewe, ngapi zina leseni iliyoandikwa, ngapi zina ORCID inayobonyezeka.