Asidi ya ganda la korosho haipendi moto

Nilipoanza kufanya kazi na maganda ya korosho nilipewa kopo la mafuta meusi yaliyotoka kiwandani, nikaambiwa humo mna asidi anakadiki tele, yaani ile asidi kuu ya ganda la korosho. Nikapima nguvu yake dhidi ya bakteria kwa wiki kadhaa, majibu yakawa hafifu. Siku nilipoyapitisha mafuta yale kwenye kromatografia, mbinu ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, ndipo nikaelewa: asidi niliyokuwa nikiitafuta ilibaki chembe tu. Ilikuwa imeshageuka kitu kingine kabla kopo halijafika mezani kwangu. Kosa hilo bado ninakutana nalo kwenye ripoti ninazopewa kusoma, na linaniuma, kwa sababu linapoteza muda wa watu wenye bidii.

Ganda la korosho si kavu kama la karanga. Kati ya ngozi ya nje na ya ndani mna tabaka lenye vitundu kama sega la nyuki, na vitundu hivyo vimejaa mafuta mazito yanayoweza kufikia robo hadi theluthi ya uzito wa ganda. Ndiyo mafuta yanayowababua vidole wabanguaji. Yakitolewa bila moto, asilimia 60 au zaidi ya mafuta hayo huwa asidi anakadiki. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni kadoli na kadanoli, kemikali zinazofanana nayo.

Molekuli yenyewe ina kichwa na mkia. Kichwa ni asidi ya salisili, ileile inayotengenezewa aspirini: pete ya benzini iliyobeba kundi la haidroksili na kundi la kaboksili yakiwa jirani. Mkia ni mnyororo wa kaboni 15. Kwenye ganda hukuti molekuli moja bali ndugu kadhaa, wanaotofautiana kwa idadi ya vifungo maradufu mkiani: yupo asiye nacho hata kimoja, na wapo wenye 1, 2 au 3.

Kundi la kaboksili ndilo lisilovumilia joto. Korosho zikikaangwa ndani ya mafuta ya maganda yenyewe kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, kundi hilo hung'oka na kutoroka kama kaboni dayoksaidi. Asidi anakadiki iliyopoteza kundi hilo ndiyo kadanoli. Nayo ni mali: hutengenezewa resini, rangi, na vumbi la msuguano linalotiwa kwenye breki za magari. Ila ukiipima dhidi ya bakteria ukidhani ni asidi, umepima kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo mimi huanza na maganda mabichi, ambayo hayajakaangwa. Huyavunja vipandevipande badala ya kuyasaga hadi unga, kwa kuwa mashine ya kusaga nayo hupasha joto. Kisha huyaloweka kwenye asetoni au heksani katika joto la kawaida la chumba, nachuja, na kukifukiza kiyeyushi chini ya ombwe, maji ya beseni yakiwa vuguvugu tu. Wengine hutumia kaboni dayoksaidi iliyogandamizwa kupita nyuzi 31 na shinikizo la takriban baa 74. Ni njia safi isiyoacha kiyeyushi nyuma, lakini vyombo vyake ni ghali. Na tafadhali, vaa glavu zisizopenyeka. Mafuta haya ni ndugu wa sumu ya mwaloni-sumu, mmea wa Amerika unaobabua ngozi, na ya utomvu wa maembe, na ngozi iliyokwisha kuyachukia haisahau.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni ya chokaa. Mafuta yakiyeyushwa kwenye methanoli yenye maji kidogo, ukaongeza haidroksaidi ya kalsiamu na kukoroga, asidi anakadiki huungana na kalsiamu na kushuka kama mashapo. Kadoli na kadanoli hazina kundi la kaboksili, kwa hiyo hubaki kwenye kimiminika. Unachuja, unasafisha mashapo kwa methanoli, unayatia asidi hidrokloriki ili kumfukuza kalsiamu, halafu unaivuta asidi yako kwa ethili asetati. Chokaa ya kawaida kabisa, na inatenganisha kwa ustadi wa kushangaza. Hifadhi unachopata kwenye giza na baridi, mbali na hewa, kwani vifungo maradufu vya mkia hushikana na mafuta yakawa kama gundi.

Je, inafanya nini mwilini mwa kiumbe? Kwa bakteria wa Gramu-chanya, kundi lisilo na utando wa nje, kama Staphylococcus aureus na Streptococcus mutans anayeozesha meno, ni kali. Isao Kubo na wenzake walilionyesha hilo vizuri katika miaka ya 1990. Mkia unaopenda mafuta huzama kwenye utando wa seli huku kichwa kikibaki upande wa maji, kama sabuni inavyofanya. Bakteria wa Gramu-hasi wana utando wa ziada kwa nje, hivyo wengi wao huhimili. Asidi hii huua pia konokono wanaobeba vimelea vya kichocho.

Mwaka 2003 watafiti wa India walionyesha kwamba inazuia p300, kimeng'enya kinachobandika vikundi vya asetili kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka. Walipobadilisha kichwa cha molekuli wakapata amidi inayokichochea kimeng'enya hichohicho. Breki ikawa kichapuzi! Hapo ndipo wengi hurukia kuiita dawa ya saratani, nami hukataa. Molekuli yenye tabia ya sabuni huvuruga vimeng'enya vingi kwenye bomba la majaribio, na huingia kwa shida ndani ya seli nzima. Ukiona kimezuiwa kimeng'enya, rudia jaribio kwa kuongeza kisafishi kidogo (detergenti) uone kama zuio linabaki; likitoweka, huenda lilitokana na tabia hiyo ya sabuni tu.

Matumizi yanayonipa matumaini zaidi yako kwenye tumbo la ng'ombe. Watafiti wa Japani walitia mafuta ya maganda kwenye majimaji ya tumbo hilo maabara, methani, gesi inayopasha dunia joto, ikapungua sana, na propioneti, ambayo ng'ombe huitumia kama nishati, ikaongezeka. Bakteria wanaotoa haidrojeni ya kutengenezea methani walikuwa wamebanwa. Walipojaribu mafuta yaliyopashwa moto, athari ilipungua.