Si Kila Panzi wa Jangwani ni Nzige

Mvua za vuli zikianza Nairobi na mdudu mmoja akatua kwenye kioo cha dirisha usiku, hakosekani mtu wa kutangaza kwamba nzige wa jangwani wamerudi. Tangu mwaka 2020 jina hilo limekuwa la kila panzi, awe mkubwa au mdogo. Nzige ni panzi wa spishi chache tu ambao, wakisongamana, hubadilika tabia, rangi na hata umbo. Maana ni hiyo, na jangwa halimo ndani yake.

Wako panzi wanaozaliwa na kufa jangwani bila kuwa nzige hata siku moja. Katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico kuna panzi aitwaye Bootettix argentatus, ambaye karibu chakula chake chote ni majani ya kichaka kimoja, Larrea tridentata, yenye utomvu ambao wadudu wengi huukwepa. Mwili wake ni wa kijani wenye madoa meupe yanayong'aa kama majani yale yale, na akitulia kitawini ni vigumu kumtambua. Katika kichaka hicho hicho huishi Ligurotettix coquilletti, ambaye dume lake hushika kichaka likakifanya milki yake, likaalika majike kwa sauti ya kukatika-katika na kuwafukuza madume wenzake. Mdudu wa namna hiyo, asiyevumilia jirani, utamwitaje nzige?

Nzige wa jangwani ni jina la spishi moja mahususi, Schistocerca gregaria, na hata yeye akiwa peke yake huishi kipanzi: ana rangi ya mchanga, huruka usiku na huwaepuka wenzake. Mvua nzuri ikinyesha huzaliana kwa wingi. Kisha ukame unapopunguza majani, wote hujikuta wamebanana kwenye mabaki machache ya kijani. Hapo miguu ya nyuma inapoguswa-guswa na wenzao, kemikali iitwayo serotonini huongezeka mwilini, na baada ya saa chache tu yule aliyekuwa akiwakimbia wenzake huanza kuwafuata. Rangi huchelewa kidogo: tunutu, yaani nzige wachanga wasioweza kuruka, huwa manjano na weusi, na waliokwisha kuota mabawa huwa waridi kabla ya kugeuka manjano. Wataalamu wenyewe walitatizwa na mabadiliko haya. Hadi mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alipotoa nadharia yake mwaka 1921, akitumia spishi nyingine ya nzige, mpweke na mwenye kundi walidhaniwa kuwa wadudu wawili tofauti.

Waliovamia Mandera na Wajir mwishoni mwa Desemba 2019, kisha wakasambaa hadi Samburu na kwingineko, walikuwa wa kundi, na kundi la kilomita moja ya mraba huweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80. Kwa hiyo anayemwona mmoja dirishani asiwe na haraka ya kupiga mbiu. Na atazame vipapasio vya kichwani: vya nzige ni vifupi kuliko mwili wake, ilhali mgeni huyu anayevutwa na taa mara nyingi ana vipapasio virefu na vyembamba kama uzi. Huyo ni senene, au ndugu yake, ambaye kule Kagera angekuwa tayari kikaangoni.