Mfuko mkavu haumaanishi usaha umeisha

Jumatatu moja nilipita wodini kumwona mzee niliyemwekea mrija kwenye jipu la ini Ijumaa. Mfuko wa kukingia usaha, mkavu. Faili limeandikwa "usaha umekoma", mzee mwenyewe anatetemeka kwa homa. Nikasogeza mashine ya altrasaundi hadi kitandani: jipu liko palepale, sentimita 9. Mrija ulikuwa umeziba, na tangu Ijumaa hakuna aliyeusukumia maji ya chumvi. Kosa lilikuwa langu pia. Niliandika "mrija uoshwe", sikusema kwa kiasi gani wala mara ngapi.

Watu hudhani ugumu uko kwenye kuchoma sindano. Kuchoma kuna utaratibu. Usaha mzito huweza kuonekana kwenye skrini kama nyama, kwa hiyo nabonyeza polepole kwa probu, kile kishikizo cha altrasaundi kinachowekwa kwenye ngozi, na kusubiri nione vichembe vinazunguka kama uji unaokorogwa. Kisha natafuta njia isiyogusa utumbo wala pafu, ikipitia kipande cha ini kilicho kizima ili usaha usivujie tumboni. Katikati ya mbavu, sindano hupita juu ya ubavu, kwa sababu mishipa ya damu imejibanza chini yake. Ganzi, chale ndogo, "Mzee, shika pumzi kidogo," sindano, waya kupitia sindano, mrija juu ya waya. Njia hiyo aliichapisha Seldinger, daktari Mswidi, mwaka 1953 kwa ajili ya mishipa ya damu. Sisi tunaifikisha kwenye usaha.

Mrija wa pigteli, wenye ncha iliyojikunja kama mkia wa nguruwe, ukikosekana (na hukosekana), nanyonya kwa sindano ndefu ya uti wa mgongo na kurudia baada ya siku chache. Kwa jipu lisilofika sentimita 5 mara nyingi hiyo inatosha. Jipu la amiba, tena, mara nyingi humalizwa na dawa ya metronidazo bila kuchomwa. Ila nikiona kivimbe chenye vivimbe vidogo ndani, hasa kwa mfugaji wa Turkana au Umasaini, sichomi kwa pupa: huenda ni kivimbe cha tegu wa mbwa, na maji yake yakivuja yanaweza kuleta mzio wa kuua.

Siku ile niliusukumia mrija mililita 10. Ukakaidi, kisha likatoka donge, na kabla ya chai mfuko, ule wa kawaida wa mkojo, ulikuwa na mililita 300.

Sasa naandika kwa herufi kubwa: mililita 10 za maji ya chumvi kila saa 8, sukuma taratibu, uyatoe kwenye hesabu ya kilichotoka, mfuko uning'inie chini ya godoro. Mrija hautoki mpaka homa ishuke, usaha upungue chini ya mililita 10 kwa siku, na altrasaundi ionyeshe jipu limenywea. Na anayeuguza namfundisha mwenyewe, kwa sababu usiku nesi mmoja ana wodi nzima.

Binti wa yule mzee alikuwa na daftari la shule. Alhamisi alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo daktari. Zimetoka 40. Zile 10 zako nimeshazitoa."