Je, wajua kwa nini opali hucheza rangi zote ilhali yenyewe haina rangi?

Shika opali nzuri mkononi, ielekeze kwenye mwanga, kisha iinamishe kidogo tu. Kijani kilichokuwa upande huu kimehamia ule, na pale kilipotoka pamewaka nyekundu. Inamisha tena: nyekundu imezimika, buluu imeshika zamu. Mawe mengi mengine ya thamani hayana ukigeugeu huo. Rubi ni nyekundu kwa sababu ndani yake mna metali iitwayo kromiamu, na utaigeuza hadi uchoke, itabaki nyekundu. Opali safi haina kitu cha namna hiyo. Ni silika na maji, basi. Silika ndiyo hiyo hiyo iliyojaa kwenye mchanga wa mtoni na kioo cha dirishani, na maji mara nyingi huwa kati ya asilimia 6 na 10 ya uzito wa jiwe.

Rangi zatoka wapi, basi? Watu walibahatisha majibu kwa karne nyingi, mpaka miaka ya 1960, pale watafiti wa taasisi ya sayansi ya CSIRO nchini Australia, akiwemo J. V. Sanders, walipoiweka opali chini ya darubini ya elektroni. Walichokiona ni vijipira vya silika, vyote vya saizi moja, vimepangwa safu juu ya safu kama muuza machungwa anavyopanga mafungu yake sokoni. Kila kijipira kina upana wa nanomita kati ya 150 na 300 hivi. Ukivipanga vikigusana, utahitaji mia kadhaa kuumaliza upana wa unywele mmoja.

Mpangilio huo ndio unaochezea mwanga. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Ukiingia katikati ya safu zile, kila safu inarudisha kiasi. Mawimbi yanayorudi kwa hatua moja yanatiana nguvu, yaliyopishana yanafutana, na jicho linapata rangi ile iliyosalia. Badilisha pembe ya kutazama, hesabu nayo inabadilika. Upinde unaouona mgongoni mwa CD unatokana na jambo la namna hiyo hiyo.

Saizi ya machungwa, ili tusiuache mfano wetu, huchangia sana kuamua bei. Vijipira vidogo hutoa buluu na zambarau tu. Nyekundu inataka vijipira vikubwa, na jiwe lenye vikubwa likigeuzwa hutoa na rangi nyingine pia. Ndiyo maana wanunuzi huitafuta nyekundu kwanza.

Na je, machungwa yakimwagwa shaghalabaghala, makubwa kwa madogo? Hapo hakuna mchezo wowote. Hiyo ndiyo opali ya kawaida, na ndiyo iliyo nyingi duniani. Hata hivyo si ya kudharauliwa. Kule Haneti, mkoani Dodoma, hupatikana opali ya kijani iliyopata rangi yake kwa nikeli. Haimetameti, lakini shanga zake zinapendeza. Hata majani yanatengeneza opali: nyasi hunyonya silika kutoka ardhini na kuigandisha ndani ya seli zake. Aliyewahi kuchanwa na jani la muwa ameshaonja makali yake.

Opali ya thamani huzaliwa taratibu. Maji yanayopita ardhini huyeyusha silika, huibeba hadi kwenye ufa au uwazi wa mwamba, na hapo vijipira hutulia kimoja baada ya kingine, kama tope linavyotua chini ya ndoo isiyotikiswa.

Australia ndiko jambo hili lilikofanyika kwa wingi, ndani ya miamba ya mchanga ya jangwani, na kwa zaidi ya karne moja nchi hiyo ndiyo iliyotawala soko. Coober Pedy, kusini mwa nchi, ulianza mwaka 1915 baada ya kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, aliyekuwa kwenye msafara wa kutafuta dhahabu, kuokota opali. Joto la kiangazi huko hupita nyuzi 40, hivyo wakazi wengi wamechimba nyumba zao, na hata makanisa, chini ya ardhi. Opali yao aghalabu ni nyeupe. Nyeusi, iliyo ghali kuliko zote, sifa yake iko Lightning Ridge, New South Wales. Nayo huitwa nyeusi kwa sababu ya mwili wake tu. Giza la nyuma humeza mwanga wa ziada, rangi zikajitokeza. Fataki za mchana na za usiku ni zile zile, ila za usiku ndizo zinazoonekana. Queensland nako opali hukaa kwenye mishipa myembamba ndani ya mwamba wa chuma, na fundi huikata pamoja na mwamba wake.

Meksiko inajulikana kwa opali ya moto, ya rangi ya chungwa inayotokana na chuma. Nyingi hazichezi rangi kabisa, na bado zinanunuliwa.

Jirani yetu Ethiopia ndiye aliyeitikisa biashara hii. Mwaka 2008 opali nyingi zilipatikana karibu na Wegeltena, eneo la Wollo, kwenye tabaka jembamba lililobanwa katikati ya miamba ya volkano, na wanavijiji wakaanza kulifuata kwa mashimo yaliyotobolewa kwenye kingo za magenge. Mawe yake mengi yana vitundu vidogo sana vinavyofyonza maji. Ukiligusisha ulimi, linanata. Ukilitumbukiza kwenye glasi ya maji, baada ya muda linakuwa angavu kama kioo na rangi zinaweza kupotea zote. Aliyelinunua jana anaweza kudhani ametapeliwa.

Utapeli wenyewe upo, lakini hauko hapo. Litazame jiwe kwa ubavu. Ukiona mstari ulionyooka kabisa kama wa rula, huenda ni kipande chembamba cha opali kilichogundishwa juu ya kitu cheusi, na jiwe la hivyo likiloweka, gundi huachia. Rangi zilizojipanga kama magamba ya mjusi, zinazofanana mno kila mahali, mara nyingi ni za maabara. Mfaransa Pierre Gilson alianza kuuza za kutengenezwa miaka ya 1970.

Opali pia ni laini kuliko vumbi la nyumbani, kwa kuwa ndani ya vumbi mna chembe za kwatzi, madini magumu kuliko opali. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu, si kikavu, na usiiache juani au karibu na jiko, maana ikikauka ghafla hupasuka. Mafuta ya nazi au ya zeituni wanayoshauri baadhi ya watu hayaisaidii chochote. Na pete yako ya Wollo ikizimika kwa sababu umefua nayo, iweke kivulini na uiache. Baada ya siku chache maji yatakuwa yametoka yenyewe, na nyekundu itakuwa imerudi mahali pake.