Mtoto Anakubali Nini?

Mama aliyemleta kwangu kwa tiba ya kisaikolojia binti yake wa miaka tisa mwanzoni mwa muhula aliniomba, kwa nia njema kabisa, nimfundishe mtoto "kukubali", kama walivyoniomba wazazi wengi kabla yake. Binti aliumwa tumbo kila asubuhi ya shule, na katika kikao cha pili nikaambiwa kwamba wanafunzi wakubwa walikuwa wakimnyang'anya pesa ya chakula njiani. Jambo hilo halikubaliwi. Linakomeshwa, na wa kulikomesha ni watu wazima.

Nadhani lugha inachangia kosa hili, kwa kuwa "kukubali" kwetu hubeba pia maana ya kuridhia na kusalimu amri. Mwanasaikolojia Steven Hayes na wenzake, waliochapisha kitabu cha msingi cha tiba ya kukubali na kuazimia nchini Marekani mwaka 1999, hawakukusudia hayo: kinachokubaliwa ni yale yanayopita ndani ya mtu, yaani woga, fikra na moyo kwenda mbio, ilhali hali ya nje inayobadilishika hubadilishwa. Ndiyo maana kwa watoto nasema "kupokea", kama anavyopokewa mgeni asiyetarajiwa, ambaye hutandikiwa mkeka lakini hakabidhiwi funguo za nyumba.

Uonevu ulipokomeshwa, woga ulibaki, na hapo ndipo tiba ilipoanza. Neno lililomtesa lilikuwa "nitachekwa". Tulilitamka pamoja haraka haraka kwa nusu dakika hivi, zoezi linalotokana na mwanasaikolojia Titchener wa mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka likabaki mlio mtupu na yeye mwenyewe akaanza kucheka. Kisha nikamwuliza anatamani nini shuleni, akajibu: kucheza rede. Akauchora woga wake kwa penseli ya kijani, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa sketi na kwenda nayo uwanjani.

Michakato ya tiba hii ni sita, nami kwa umri huo hutumia mitatu tu; ule wa nafsi inayojitazama, kwa mfano, yaani mtu kuziangalia fikra zake kama mtazamaji, huwapita watoto wengi niliowahudumia. Wala tafiti hazijaonyesha kwamba tiba hii inaishinda ile ya utambuzi na tabia, ambayo humfundisha mtu kuzipima na kuzibadili fikra na mienendo yake. Hata kwa binti huyu sina hakika kama kilichosaidia ni ile karatasi, kwa maana wiki hiyo hiyo mama yake aliacha kumwuliza kila alfajiri, "Tumbo linauma?"